Ile Pesa ya Soweto na Imani Yangu ya Kungojea

Wasee, wacha niseme hii kitu kabla sijaogopa tena. Wengi wetu huku mtaani tukisema "nimeachia Mungu", hakuna kitu tumemwachia. Tumeogopa tu, halafu tumetafuta jina tamu la kufunika uoga. Najua kwa sababu nimefanya hivyo wiki sita mzima. Nilifunga, nilienda kesha, nilipiga magoti mpaka magoti yakauma. Na muda huo wote jibu nilikuwa nalo mfukoni.

Nitafika hapo. Kwanza turudi Kayole, Novemba 2024.

Kama unaishi Eastlands unakumbuka ile wiki. Alhamisi tarehe 14, maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitoa taarifa kali sana kwa serikali. Waliongea juu ya uongo, ushuru, watu kutekwa. Maneno ambayo sisi tulikuwa tumeyapigia kelele barabarani tangu Juni, sasa yanasomwa na watu wazima waliovaa kanzu. Siku tatu baadaye, Jumapili tarehe 17, Rais William Ruto akaja misa kwa Kanisa Katoliki la Soweto, hapa Kayole. Akatoa shilingi 600,000 za kwaya na watoto wa Utoto Mtakatifu, na milioni 2 za nyumba ya mapadre. Akaahidi milioni 3 zingine juu ya hiyo, na basi la parokia.

Watu walipiga makofi. Hata mimi ningekuwa ndani ningepiga. Unajua basi la parokia ni nini? Ni mazishi ya ushago bila kuchangishana kukodi matatu. Ni vijana kwenda semina bila mtu kuachwa kwa sababu hana nauli.

Jumatatu, Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa barua. Pesa itarudishwa. Zile ahadi zingine, asante lakini hapana. Sababu alizotoa ni kwamba kanisa lisitumiwe kama jukwaa la siasa, na akagusia pia mswada wa sheria ya michango ya umma ya 2024. (Kumbuka Rais mwenyewe, mwezi wa Julai, baada ya maandamano yetu, alikuwa ametangaza maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Hiyo wacha tuiache hapo.)

Mathe anauza chapati na madondo si mbali na huko Soweto. Hiyo Jumatatu jioni nilikuwa naye kwa kibanda nikimsaidia kufunga, na wateja walikuwa wamegawanyika kabisa. Jamaa mmoja wa boda alikuwa anasema askofu ni simba. Mama mwingine, na huyu ndiye nilimsikiza zaidi, akaweka sahani chini akasema: sawa, ni simba, lakini yeye halali Soweto. Sare za kwaya zitanunuliwa na nani? Nyumba ya padre itajengwa na nani? Kukataa pesa ni rahisi kama si wewe utakaa bila.

Hakuna mtu alimjibu. Mathe alimwongezea supu tu.

Mimi si Mkatoliki. Naenda kanisa la mabati kule karibu na Spine Road, ile ya spika kubwa kuliko washirika. Lakini hilo swali la yule mama limenifuata tangu siku hiyo, na sasa nafikiri ndilo swali lenyewe la imani. Sahau kwanza kama Mungu anaweza. Sote tunajua kuimba kwamba anaweza. Swali ni unafanya nini kwa ile nafasi ya katikati, ukisharudisha pesa na ile nyingine haijaonekana.

Hapo katikati ndipo mimi nilikataa kukanyaga.

Sasa story yangu. Mnaonijua mnajua natengeneza video za maisha ya mtaa. Landilodi akigonga mlango, mtu wa nganya akikataa kukurudishia chenji, mathe akikutuma dukani na hesabu ya shilingi ishirini. Mwaka jana nikapata wafuasi wa kutosha mpaka watu wa pesa wakaanza kuniona. Mwezi wa pili nikapokea ujumbe kutoka kwa ajenti wa kampuni fulani ya kamari. Sitaitaja. Elfu sitini kwa miezi mitatu, na kazi ni nyepesi: video mbili kwa wiki, naonyesha skrini nikishinda ile mchezo ya kandege, naweka linki chini. Kushinda kwenyewe si lazima. Akaunti watanipa, tayari imejazwa.

Soma hiyo tena. Akaunti tayari imejazwa.

Kodi yangu ilikuwa imechelewa. Fuliza ilikuwa imekula kila shilingi iliyoingia kabla niione. Sista yangu mdogo yuko Form Three na kila muhula anarudishwa nyumbani angalau mara moja. Na upande wa pili, kwa plot yetu kuna kijana, jirani, alipewa na mamake karo ya muhula wa kwanza apeleke shule, ikaishia kwa kandege hiyo hiyo kati ya saa nne usiku na alfajiri. Nilisikia mamake akilia kupitia ukuta. Kuta za Umoja unazijua, jirani akipiga chafya unasema pole.

Kwa hivyo nilijua. Siku ya kwanza, dakika ya kwanza, nilijua. Lakini sikusema hapana. Nilisema "wacha niombe juu ya hii."

Na nikaomba kweli. Nilifunga siku tatu. Nikaenda kesha ya Ijumaa mbili. Nikamwambia pasta aniombee juu ya "mlango ambao Mungu anafungua," sikumwambia mlango wenyewe ni wa nini. Aliniwekea mkono kichwani akatangaza mwaka wangu wa kuomoka. Kila asubuhi nikiamka naangalia simu nione kama Mungu amenijibu. Unajua nilikuwa natafuta nini? Nilikuwa natafuta hela ije kutoka mahali pengine kwanza, ndio nikatae hii nikiwa salama. Nilitaka Mungu aweke daraja, alipe kodi, ndio mimi nikanyage. Ama ajenti achoke aende, nisiwe nimeamua kitu.

Mathe ndiye alinishika. Nilimwambia nangojea sauti ya Mungu juu ya kazi fulani. Akaniuliza kazi gani. Nikamwambia. Akanyamaza akikanda unga, halafu akasema: "Wewe unamuuliza Mungu, ama unangojea achoke akuruhusu?"

Manze.

Sisi Eastlands hatuna kisingizio, hata mitaa yetu imeitwa majina ya Biblia. Tuna Jerusalem na tuna Jericho, na kutoka moja hadi nyingine ni dakika chache kwa miguu. Nikiwa mdogo nilidhani ile hadithi ya ukuta ilifanyika huko karibu na Rabai Road. Lakini isome vizuri. Mungu ndiye aliangusha ukuta wa Yeriko, hakuna mtu aliupiga nyundo. Lakini watu walitembea. Mara moja kwa siku, siku sita, na siku ya saba mara saba. Piga hesabu, ni mizunguko kumi na tatu. Na kwa ile kumi na mbili ya kwanza hakuna hata jiwe moja limetikisika, na watu wa ndani bila shaka wako juu ya ukuta wanawacheka. Hiyo ndiyo sehemu hatuhubiri sana. Tunahubiri ukuta kuanguka, tunaruka mzunguko wa nane, ule umechoka, viatu vimeisha, na ukuta bado unakuangalia tu.

Sitaki mtu anielewe vibaya aanze kurukaruka. Kuna ujasiri mwingine ambao si imani, ni kamari iliyovaa msalaba. Namjua msee alikopa kwa aplikesheni tatu za simu ndio "apande mbegu" kwa mhubiri, ati Mungu atamrudishia mara mia. Sasa hivi wale wa mikopo wanapigia mpaka shangazi yake. Shetani alimpeleka Yesu juu ya hekalu akamwambia ajirushe, malaika watamshika, na akamtolea maandiko kabisa, mstari na kila kitu. Yesu alikataa kuruka. Kama ujasiri peke yake ungekuwa imani, angeruka. Kwa hivyo ukisikia sauti inakuambia weka karo yote hapa, Mungu ataona, uliza kwanza ni nani anakupeleka juu ya jengo.

Na pia sisemi kungoja ni dhambi. Nehemia alisikia habari ya Yerusalemu imebomoka, akalia, akafunga, akaomba, na ukihesabu miezi iliyoandikwa pale ni kama minne kabla aongee na mfalme. Mingi kuliko mimi! Lakini angalia siku ambayo mfalme alimuuliza unataka nini. Alikuwa na jibu. Alijua atachukua muda gani, anahitaji barua za kuvuka kwa magavana gani, na mbao zitoke msitu gani. Huyo mtu alikuwa anaomba akiwa na kalamu mkononi. Mimi wiki zangu sita ungeniuliza mpango wangu wa pili ni gani, ningekuangalia tu. Sikuwa nao. Sikuwa nataka kuwa nao, kwa sababu ningekuwa nao singekuwa na sababu ya kuendelea kungojea.

Sasa hapa kuna kitu kilinisumbua. Nehemia alichukua mbao za mfalme. Alichukua hata askari wa kumsindikiza. Ibrahimu, kabla hata jina lake libadilishwe, alishinda vita, na mfalme wa Sodoma akamwambia achukue mali yote. Akakataa mpaka kitu kidogo kama uzi. Mmoja alichukua, mmoja alikataa, na wote wawili tunaambiwa ni watu wa imani. Kwa hivyo haiwezi kuwa ati pesa ya mkubwa ni chafu siku zote.

Tofauti nafikiri iko kwa sababu ambayo Ibrahimu mwenyewe alitoa: hakutaka huyo mfalme apate kusema yeye ndiye alimtajirisha. Mfalme wa Nehemia alitoa mbao, Nehemia akaenda kujenga ukuta wa watu. Mfalme wa Sodoma alikuwa ananunua jina. Ukichukua, kuanzia siku hiyo midomo yako ina mwenyewe. Maaskofu walisema neno Alhamisi, pesa ikaja Jumapili. Mimi siwezi kusoma moyo wa Rais, labda alitoa kwa roho safi kabisa. Lakini kama ile pesa ingebaki pale Soweto, ile barua ya Alhamisi ingesomwaje Alhamisi iliyofuata? Na mimi, ningechukua ile elfu sitini, ningemwangalia huyo mama jirani na macho gani kwa ngazi?

Kuna kitu kingine kwa hiyo hadithi ya Ibrahimu ambacho watu huruka. Alikataa yake. Wale wenzake walioenda naye vitani akasema wapewe sehemu yao. Hakufanya ujasiri na jasho la wengine. Na hapo narudi kwa yule mama wa kibanda, kwa sababu nafikiri alikuwa na haki yake. Kanisa likirudisha pesa ya kwaya, kanisa lina deni kwa hiyo kwaya. Askofu akisema hapana kwa niaba ya watoto wa Soweto, basi parokia zenye magari mengi uwanjani, zile za upande ule mwingine wa mji, zinafaa kuskia hiyo hapana kwa mifuko yao. La sivyo tumewafanya maskini walipe bili ya msimamo wetu. Napenda alichofanya Askofu Mkuu, napenda sana, sijawahi kuona kanisa likirudisha pesa ya Rais namna hiyo kabla sijamaliza kusikia kwamba ilitolewa. Lakini kurudisha pesa ilikuwa mzunguko wa kwanza.

Mwaka uliofuata, Machi 2025, Rais akatoa milioni 20 kwa kanisa lingine kule Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana wa rika letu wakajitokeza kuandamana. Watu wazima wakatuita wakosa adabu. Nataka niwakumbushe hao wazee kitu kimoja. Tarehe 28 Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula pale Uhuru Park. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia na marungu na gesi, na baadhi ya kina mama wakavua nguo kuwalaani. Halafu wakaingia All Saints Cathedral, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa. Walikuwa wanaomba usiku na mchana. Wangeweza kuomba hivyo hivyo nyumbani kwao, si Mungu ni yule yule? Lakini walibeba maombi yao wakayaketisha mahali ambapo serikali ingeyakanyaga ikipita. Na vijana wao wakaachiliwa.

Hao kina mama sasa ni nyanya zetu. Kwa hivyo ukiona kijana wa Dandora amebeba bango nje ya kanisa, usiulize amelelewa na nani.

Sawa, nimalizie yangu.

Nilimwandikia ajenti siku mbili baada ya mathe kuniuliza lile swali. Niliandika mistari minne, nikafuta, nikaandika miwili. Nilimwambia sitafanya, na sababu ni kuna kijana kwa plot yetu. Akanijibu "poa bro, wako wengi." Hiyo iliniuma kuliko nilivyotarajia. Wiki moja tu baadaye nikaona msee mwingine wa mtaa ako na ile akaunti iliyojazwa, anashinda, anacheka. Sio ati dunia ilisimama kwa sababu mimi nimeokoka.

Na Mungu hakutuma elfu sitini. Najua wengi mlikuwa mnangojea hapo nitoe ushuhuda. Hakuna mtu alinipigia kesho yake na dili kubwa. Kilichotokea ni niliuza taa yangu ya kurekodia kwa jamaa wa Donholm, nikalipa nusu ya kodi, na landilodi akanitukana kwa hiyo nusu nyingine. Halafu nikaanza kutembea. Kinyozi kwa kinyozi, saluni kwa saluni, wale wa kupika keki, wale wa kushona. Nawaambia nakutengenezea video ya sekunde thelathini, elfu moja mia tano, usipopenda usinilipe. Siku ya kwanza nilienda milango kumi na moja. Kumi walikataa. Wa kumi na moja, mama wa mitumba pale Mutindwa, akaniambia hana elfu moja mia tano ila ana mia saba na jaketi. Nikachukua mia saba na jaketi. Ndiyo hii nimevaa kwa zile video za mwezi jana, wale mliuliza nimeinunua wapi.

Kila asubuhi kabla nitoke bado naomba. Maombi yamekuwa mafupi sana. Zamani nilikuwa naongea nusu saa, sasa ni kama dakika mbili, na nyingi ni majina: kinyozi huyu, saluni ile, sista, yule kijana jirani. Sijui kama hiyo ni kukua au ni kuchoka. Mathe anasema hata yeye huomba akichoma chapati, kwa sababu ukifumba macho sana inaungua.

Karo ya sista muhula huu tulilipa mathe na mimi, nusu kwa nusu, na bado tuna baki ya elfu tatu. Yeye ndiye alilipa sehemu ya hapana yangu, na sikumuomba ruhusa. Nilimwambia hivyo juzi. Akasema alijua tangu siku ile anakanda unga, na kama angeona ubaya angeninyamazia.

Jumapili iliyopita ajenti alirudi. Kampuni tofauti, jina tofauti, mtu yule yule. Sasa ni elfu tisini. Ujumbe uko hapa kwa simu, nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali, na kodi ya mwezi huu bado nina upungufu wa elfu mbili. Nimemjibu leo asubuhi kabla nianze kuandika hii, ndio nisije nikaandika mambo matamu halafu nikafanya mengine. Saa hii natoka, mama wa Mutindwa ameniitia wateja wawili na wanataka video kabla jua liende.